Kila Kinachoonekana Pichani

Siku tangazo la pasi lilipofutwa kwa mara ya tatu, mke wa Samahani aliitupa simu kitandani, akaitukana, kisha akaiokota haraka kuangalia kama imepasuka.

"Safari hii nimekosa nini?" aliuliza ukuta. "Mara ya kwanza nilipiga picha sebuleni, wakasema gizani. Mara ya pili nikaandika inapata moto upesi, wakasema najisifu. Leo nimeandika 'Pasi' basi, neno moja, wanasema sikusalimu!"

Mumewe, aliyekuwa amejilaza akisubiri wazo la kumlisha mwezi huo, alinyoosha mkono. "Hebu lete."

Samahani hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kazini. Kila alipotaka kumchukulia mtu kitu chake alianza na neno hilo, tena kwa sauti ya chini ya mtu aliyeleta taarifa ya msiba, na mwenye mali akajikuta anamfariji yeye badala ya kushikilia mali. Shati lake lilikuwa limenyooka saa zote. Hakuwahi kuajiriwa hata siku moja, wala kulala njaa hata usiku mmoja. Mjini watu wa aina hiyo huitwa wafanyabiashara mpaka siku wanapokamatwa.

Kundi lililomtesa mkewe liliitwa Vyombo Vyetu. Lilikuwa la mtandaoni, na kila mtu mjini aliyetaka kuuza kochi, kununua jiko au kuondoa zawadi ya harusi asiyoipenda alikuwamo. Makundi mengine yalikuwepo, lakini yalijaa matapeli. Vyombo Vyetu lilikuwa na Msimamizi.

Huyu mama alikuwa mstaafu aliyesimamia mitihani maisha yake yote, na inaelekea hakuna aliyemwambia kwamba kengele ya mwisho imeshalia. Alianza na kanuni tano, zote za busara. Kila ugomvi ulipozuka akaongeza moja, na kila aliyelalamika alizaa nyingine. Picha zipigwe nje, juani. Salamu iwepo, ila isizidi maneno manne. "Bei maelewano" marufuku, kwa sababu bei ni bei. "Kama mpya" marufuku, kwa sababu kitu ama ni kipya ama si kipya. Neno "laini" lilifungiwa katika matangazo ya magodoro kwa sababu anazozijua Msimamizi mwenyewe. Bwana mmoja alifutiwa tangazo kwa kuandika kwamba sufuria yake inapika vizuri. Aliambiwa anayepika ni mtu. Watu walilaani, wakahama, kisha wakarudi mmoja mmoja kichwa chini, maana wanunuzi walikuwa huku.

Basi Samahani alifanya jambo ambalo hakuna mwanachama aliyewahi kulifanya. Alizisoma kanuni, kuanzia juu mpaka chini. Wenzake wote walikuwa wamebonyeza "Nimekubali" bila kusoma hata mstari. Yeye alisoma kama anayesoma barua ya mchumba, akitabasamu hapa, akirudia pale, na alipofika katikati aliketi wima.

Kanuni mbili zilimkalisha. Ya kwanza ilisema kwamba mtu wa kwanza kuandika "Changu" chini ya tangazo ndiye mnunuzi, na muuzaji hana ruhusa ya kubadili nia. Ya pili ilizaliwa siku watu wawili walipogombania meza iliyopigwa picha ikiwa na televisheni juu yake. Muuzaji alisema anauza meza. Mnunuzi alisema alichokiona ndicho alichokinunua. Msimamizi alimpa ushindi mnunuzi, ili wauzaji wajifunze kusafisha meza zao, na jioni ile ile akaandika: Kila kinachoonekana pichani kinauzwa. Mwenye kukaidi angefukuzwa, na jina lake lingebandikwa juu kabisa ya ukurasa, na mbele yake neno TAPELI kwa herufi kubwa.

"Mke wangu," Samahani alisema taratibu, "hili si kundi. Hili ni shamba, na mvua imeshanyesha."

"Utaiuza pasi?"

"Achana na pasi. Kakako yuko wapi?"

Kakake alikuwa mahali pake pa kila siku, juu ya kochi lao, alipofikia mwaka uliopita akisema ni kwa wiki mbili tu. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye hamu ya kula na ya kutumwa. Samahani alimwita Shemeji, kama inavyopasa, na siku hiyo alimfundisha kazi ya kwanza maishani mwake.

"Shem, sikiliza. Tangazo likitoka, usitazame katikati. Katikati kuna kinachouzwa. Wewe tazama pembeni. Ukiona kitu kizuri pembeni, andika 'Changu' kabla hujapumua."

"Pembeni," alisema Shemeji.

"Pembeni ndiko riziki yetu iliko."

Wa kwanza kuliwa alikuwa Mwenye Nyumba, mzee mnene wa mwili, mwembamba wa roho, aliyekuwa akiuza godoro la mpangaji aliyemfukuza bila hata kumpa muda wa kulibeba. Tangazo lake lilikuwa limefutwa na kufutwa tena mpaka mzee akawa anaongea peke yake njiani. Samahani alimkuta barazani.

"Samahani sana, mzee wangu. Nimeona wanavyokusumbua kule mtandaoni. Roho imeniuma."

"Wewe ni nani?"

"Mtu tu. Ila nimezisoma kanuni."

Mzee alimtazama upya. "Zote?"

"Mpaka mwisho."

"Na ukinisaidia, unataka nini?"

"Mzee wangu! Mimi nimtoze mtu wa umri wa baba yangu?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angeita mbwa. Lakini Mwenye Nyumba alilipenda neno "bure" kuliko alivyowapenda wanawe, akamtolea mgeni kiti. Godoro likaegemezwa ukutani, juani. Samahani akapiga picha, akasogea kidogo kushoto, akapiga nyingine. Kisha akairudisha simu kwa heshima, kwa mikono miwili. "Tazama vizuri, halafu bonyeza mwenyewe. Mimi si mwenye mali." Mzee alitazama godoro lake katikati ya picha, akaona ni zuri, akabonyeza. Pembeni, juu ya stuli, ilionekana nusu ya redio yake kubwa.

Makabidhiano yalifanyika kila Jumamosi katika uwanja wa nyumba ya Msimamizi. Viti vilipangwa mbalimbali, asije mtu akachungulia cha mwenzake. Msimamizi aliketi mbele na kengele ya mkononi. Mwenye Nyumba alifika na godoro. Shemeji aliuliza redio iko wapi.

"Redio gani?" mzee alifoka. "Imeonekana nusu tu!"

"Nusu ya redio haipigi," alisema Msimamizi. "Mpe yote."

Nyuma ya uwanja Samahani alijifuta macho kwa leso. "Samahani, mzee wangu. Nilidhani umeiona." Alihuzunika vizuri mno, hata Mwenye Nyumba akampigapiga begani na kumwambia ajikaze, ni mambo ya dunia.

Baada ya redio zikaja feni, baiskeli na jiko la gesi. Kinyozi aliuza stuli, akapoteza kabati refu la nguo lililokuwa limesimama kando yake. Hakuna aliyemshuku Samahani. Kwanza alikuwa akisaidia bure. Pili, kila mmoja alikuwa amebonyeza kwa kidole chake, na binadamu yuko tayari kumsamehe aliyemwibia kuliko kukiri kwamba alijiibia mwenyewe. Vitu vikageuka pesa, na pesa zikageuka pikapu, nyeupe, ya mkono wa pili. Samahani aliipenda kwelikweli. Aliiosha kila asubuhi na kuizungumzia kwa upole ambao mkewe aliusikia kupitia dirishani, akasonya.

Kisha akaenda kwa Mama Pazia.

Mama Pazia alikuwa fundi wa mapazia, na duka lake lilikuwa chumba kimoja ghorofani chenye roshani. Mwezi ule alikuwa amepata kazi ya kumtoa au kumzamisha: mapazia ya zahanati mpya ya wazazi, madirisha yote. Vitambaa alikuwa ameshavinunua kwa malipo ya awali, na marobota yalikuwa yamejaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Ndiyo maana alitaka kuuza meza yake kubwa ya kukatia, apate nafasi. Mashine yake hakuwa na mpango wa kuiuza hata kwa dawa. Ilikuwa cherehani ya umeme, nzito, ya kiwandani, aliyoifikia baada ya miaka ya kuzungusha gurudumu kwa mkono. Bila hiyo hakuna mapazia, na bila mapazia hakuna duka.

"Samahani sana, dada yangu," alianza Samahani mlangoni.

"Unaomba msamaha wa nini? Umeshaiba?"

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Alicheka kicheko cha kweli, na kilimfaa kuliko vile vya uongo. "Nimekuja kusaidia. Tangazo la meza limefutwa mara ngapi?"

"Usiniulize. La mwisho niliandika ina miguu minne, wakasema hiyo inaeleweka."

Meza ikatolewa roshani, kwenye jua. Mama Pazia hakuwa mjinga. Aliondoa mkasi, akaondoa futi, akaondoa kikombe, akafagia na nyuzi. Cherehani ilikuwa mlangoni hapo hapo, pahali pake pa siku zote, kwa ajili ya mwanga, naye hakuihesabu kwa sababu mtu hahesabu mkono wake mwenyewe. Lakini kila mtu ana mlango wake wa nyuma, na wa Mama Pazia ulikuwa sifa.

"Hili pindo," alisema Samahani, akiwa ameshika pazia moja kama ameshika kitambaa cha altareni, "ni la mashine au la mkono?"

"La mashine."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani nini? Njoo nikuonyeshe." Akageuka kumtafutia pindo jingine, zuri zaidi, na Samahani akasogea kidogo kushoto.

Aliporudishiwa simu, Mama Pazia alikuwa bado anatabasamu. Akabonyeza.

Jumamosi hiyo sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Cherehani yangu haiuzwi!"

"Inaonekana pichani?" Msimamizi aliuliza.

"Inaonekana, lakini..."

"Hakuna lakini. Unatii au unakaidi?"

Angeweza kukaidi. Lakini mhasibu wa zahanati alikuwa mwanachama, na wateja wake wote walikuwa wanachama, na hakuna zahanati itakayotundika mapazia ya mtu aliyeandikwa TAPELI. Akatii. Hakulia. Alisimama kando akilitazama lile jitu, Shemeji, likibeba mashine yake kama mtoto aliyelala, na hapo akaona jambo dogo. Yule mtu, kabla ya kuiweka chini, aligeuka na kumuuliza Samahani kwa macho aiweke wapi. Na Samahani, leso machoni, alimwelekeza kwa kidevu.

Mama Pazia aliumia mpaka mifupani. Kuibiwa ni kitu kimoja; kuibiwa na mtu aliyesifu pindo lako ni kingine. Lakini kidevu si ushahidi, na Msimamizi hakuwa mtu wa kuhukumu kwa kidevu. Akarudi nyumbani, akachukua sindano ya mkono na kuanza. Pazia moja lilimlia siku nzima, na madirisha yalikuwa mengi kuliko siku zilizobaki. Simu aliiegemeza mbele yake, ukurasa wa Vyombo Vyetu wazi, na kila tangazo lililotoka alilitazama, katikati na pembeni.

Kumbe Samahani naye alikuwa na shida yake. Cherehani ile haikuuzika. Kila fundi mjini aliifahamu na kuuliza imetokaje kwa mwenyewe. Isitoshe, watu walianza kunong'ona. Samahani akaamua kuhamia mji mwingine, ambako bila shaka kulikuwa na kundi jingine na Msimamizi mwingine. Mkewe alimwambia atangulie tu, na akamwambia kwa furaha iliyomtia wasiwasi kidogo. Aliipakia cherehani kwenye pikapu. Likabaki lile kabati la kinyozi, refu, lenye kioo mlango mzima, zito la kuvunja mgongo. Huwezi kwenda kuanza maisha mapya ukiwa na kabati la kinyozi. Alipanga kuliuza kwa bei ya kutupa, kulikabidhi Jumamosi, na kutoka uwanjani aingie barabara kuu moja kwa moja.

Alilitoa uani, juani, kama kanuni inavyotaka. Akaligeuza liangalie jua. Kisha akafanya kazi yake kwa uangalifu wa bingwa. Alitazama pembe ya kushoto, akaondoa ndoo. Akatazama ya kulia, akaondoa ufagio. Akatazama juu, akasogeza kamba ya nguo. Akainama, akaokota hata kizibo cha chupa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa pembeni, na pembeni pakawa safi kuliko picha yoyote iliyowahi kutoka katika kundi lile. Akapiga. Akatazama pembe nne, akaridhika, akaandika, "Habari za mchana. Kabati," na bei, akatuma.

Katikati hakutazama. Katikati, kwenye kioo, alikuwepo yeye mwenyewe, jicho moja limefumbwa, simu mkononi. Nyuma yake ilikuwepo pikapu nyeupe, inang'aa. Na juu ya pikapu, chini ya turubai ambalo upepo ulikuwa umelifunua nusu, ilikuwepo cherehani.

"Changu," aliandika Mama Pazia.

"Changu," likafuata jina la pili. Alikuwa Shemeji, kochini, sebuleni mwa Samahani mwenyewe. Alikuwa amefundishwa vizuri.

"Wewe vipi?" Samahani alimfokea kupitia dirishani. "Hilo si ni letu?"

"Nimeona kitu kizuri, Shem," alisema Shemeji kwa unyonge, na Samahani, akidhani anasema kabati, alitikisa kichwa akaenda zake. Kuhusu Mama Pazia hakujisumbua. Wateja wa mapazia hupenda kujiona kwenye kioo. Alifikiri yule mama ameshasamehe, na hata akamhurumia kidogo, kama mtu anavyomhurumia kuku ambaye ameshamla.

Jumamosi alifika uwanjani na pikapu, kabati limesimamishwa nyuma, cherehani imefunikwa barabara, tangi la mafuta limejaa, na Shemeji pembeni kwa ajili ya kubeba, akimwuliza mbele ya watu wote, "Shem, tulishushe wapi?" Mama Pazia alikuwa amewahi. Bei ya kabati alikuwa ameichangisha kwa majirani, na alimkabidhi Msimamizi pesa na simu kwa pamoja.

"Nimenunua. Naomba nipewe kila kinachoonekana."

Msimamizi alivaa miwani, akaongeza na nyingine juu yake. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Naona kabati," alisema. "Ndani ya kioo naona pikapu. Juu ya pikapu naona cherehani." Akainua uso. "Funguo."

Samahani alitabasamu, kwa sababu mwili wake haukujua kufanya kitu kingine. "Samahani sana, mama. Kilichomo kwenye kioo si kitu. Ni sura ya kitu tu. Pikapu haikuwa mbele ya simu. Ilikuwa nyuma yangu!"

"Kanuni inasema kilicho mbele ya simu?"

"Hapana, lakini..."

"Inasema nini?"

Uwanja mzima ulijibu kwa niaba yake, kwa sauti moja, kama darasa: "Kila kinachoonekana pichani kinauzwa!"

"Na pikapu inaonekana?"

"Inaonekana, mama, ila jamani, tuwe na ubinadamu! Kanuni hii ni kali kupita kiasi. Mtu hawezi kupoteza mali yake ya jasho kwa sababu ya picha!"

Alijisikia akiyasema hayo, na laiti angeweza angeyarudisha mdomoni. Mwenye Nyumba alikuwa ameshasimama, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu apokee kodi ya mwisho.

"Endelea, kijana," alisema. "Mimi nakuunga mkono. Ukishinda, redio yangu inarudi leo."

"Na kabati langu," alisema kinyozi.

"Na jiko!" "Na feni!" "Na baiskeli ya watoto!"

Msimamizi alipiga kengele. Hakuwa na chuki na mtu, na hilo ndilo lililokuwa la kutisha. "Chagua. Kama kanuni si kanuni, kila alichochukua shemeji yako kwa kanuni hiyo kitarudi kwa mwenyewe, leo, hapa. Kama kanuni ni kanuni, funguo."

Alisema "shemeji yako" bila kupandisha sauti. Watu walimgeukia Shemeji, wakamgeukia Samahani, na miezi kadhaa ya leso na pole ikawaingia akilini yote kwa mpigo. Mtu mmoja alikwenda kufunga geti.

Samahani alipiga hesabu, na ilikuwa hesabu fupi. Vitu vingine vyote vilikwishauzwa, na pesa zilikwishakuwa pikapu. Akishinda atalipa kila mtu. Akishindwa atalipa mmoja. Akaitazama pikapu yake, na macho yakamlenga machozi, safari hii bila leso.

"Kanuni ni kanuni," alisema, akatoa funguo.

Watu walipiga vigelegele. Mama Pazia hakupiga. Alikimbia kwenye pikapu, akafunua turubai, akaipitishia cherehani mkono kuanzia kichwani mpaka kwenye gurudumu, akiangalia kama imeumia, na ndipo machozi yakamtoka, ya hasira na furaha pamoja. Samahani alianza kusogea taratibu kuelekea getini. Angekuwa ametoka, lakini Shemeji alikuwa ameishika simu yake mwenyewe, anaitazama picha kwa makini, kama alivyofundishwa.

"Shem," aliita, bila nia yoyote mbaya. "Si na wewe umo?"

Msimamizi aliichukua tena simu. "Yumo," alisema. "Jicho moja limefumbwa."

"Huyo simtaki!" alisema Mama Pazia. "Nitamweka wapi?"

"Mnunuzi hachagui. Anachukua vyote au hachukui kitu."

Mama Pazia alimtazama Samahani kuanzia viatuni mpaka kwenye kola, kisha akaitazama cherehani, kisha akapumua. "Haya. Panda nyuma."

"Nyuma?"

"Mbele anakaa dereva na mimi." Dereva alikuwa Shemeji, ambaye alikuwa ameuliza kama kwa Mama Pazia kutakuwa na chakula, na akaambiwa kitakuwepo.

Samahani aliipandisha cherehani ngazi zote, akasimama mara mbili njiani kumwita Mungu wake. Akalipandisha na kabati. Alipotaka kuaga alimkuta Shemeji ameketi ngazi ya chini, sahani mapajani, ameuziba mlango wote.

"Samahani, Shem," alisema Shemeji kwa huzuni ya kweli. "Kanuni."

Mchana kutwa cherehani ilinguruma, na mapazia ya zahanati yakawa yanashuka kutoka sindanoni moja baada ya jingine, yenye mapindo ya kutia wivu. Samahani alipewa kazi ya kutia vishikizo. Alijidunga vidole vyote. Lakini mdomo haukujidunga. Alisimulia, alishauri, alipendekeza washirikiane, alisema yeye ana akili na Mama Pazia ana mikono, na kwamba madirisha ni mengi duniani. Kufikia jioni kichwa cha Mama Pazia kilikuwa kinapasuka.

"Nyamaza. Njoo roshani."

Alimsimamisha kwenye jua la mwisho. Akaondoa mkasi, akaondoa futi, akafunga mlango ili cherehani isionekane, akageuza kabati kioo kielekee ukutani, akatazama kushoto, kulia na katikati. Akapiga picha. Kisha akaandika: "Habari za jioni. Mwanamume mmoja. Mrefu, safi, anaongea. Bure."

Wakangoja. Samahani alinyoosha kola yake, kwa maana hata hali hiyo ina heshima yake. Watu waliliona tangazo. Idadi ilikuwa ikipanda mbele ya macho yao. Mkewe aliliona, jina lake likajitokeza, likakaa kidogo, likaondoka. Mwenye Nyumba, mpenzi wa vya bure, aliliona mara mbili. Hakuna aliyeandika neno. Kisha simu ikalia.

"Nani?" Samahani aliuliza, akichungulia kwa shauku. "Wamesema nini?"

Mama Pazia alisoma kwa sauti: "Tangazo limefutwa. Muuzaji hakutaja kasoro za bidhaa."